Kabla Hujamnunulia Mzee Miwani Nyingine

Mama yangu alikuwa na miwani mitatu kwenye droo, na bado alikuwa anajaza kikombe kwa kidole. Anatia ncha ya kidole ndani ya ukingo, anamimina taratibu, maji yakigusa kidole anaacha. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Miwani yote mitatu tulinunua kwa watu waliompima dakika chache na kumuuzia papo hapo, na kila mmoja ulisaidia mwezi mmoja au miwili, kisha ukungu ukarudi. Siku alipofika kwa daktari wa macho, daktari alimulika mboni kwa tochi ndogo akaniita nisogee nione. Ndani ya ule weusi kulikuwa na weupe kama wa kioo kilichopumuliwa. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hakuna miwani ambayo ingepenya pale. Fedha tulizotumia kwenye miwani ile zingetosha kumfanyia uchunguzi kamili na nyingine zikabaki.

Kwa hiyo yote nitakayoeleza hapa yanasimama juu ya jambo moja: usinunue kitu kabla hujajua jicho lina nini. Hela ikiwa ndogo, utaratibu ndio unaookoa. Uchunguzi kwanza, tiba pili, miwani baada ya hapo, vifaa mwisho. Ukiupindua utaratibu huu unalipa mara mbili, na mzee anaendelea kupoteza kuona wakati unalipa.

Hatua ya 1: Mpime nyumbani, bure

Mkalishe panapo mwanga wa kutosha, kalenda ya ukutani ikiwa mbele yake mita tatu hivi. Aweke miwani yake ya kuonea mbali kama anayo. Afunike jicho moja kwa kiganja kilichokunjwa kama kijiko, si kwa vidole vinavyolikandamiza, asome hadi atakaposhindwa. Kisha jicho la pili. Hapa ndipo watu wengi hushtuka, kwa sababu jicho zima hubeba lililo bovu kwa miaka bila mwenyewe kujua. Nimemwona mtu mzima akifunika jicho la kulia kwa mara ya kwanza maishani na kunyamaza.

Sasa chukua kipande cha kadi ngumu, kitoboe katikati kwa pini, tundu la kama milimita moja. Afunike jicho moja, achungulie kwa lingine kupitia tundu hilo kwenye kalenda ileile. Akiona vizuri zaidi kuliko alivyoona bila kadi, basi tatizo kubwa huenda ni la miwani, maana tundu dogo hupitisha mwanga ulionyooka tu na kulisaidia jicho kuleta picha mahali pake. Asipoona nafuu yoyote, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo liko ndani ya jicho lenyewe: lenzi, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) au mshipa wa fahamu. Si hukumu ya mwisho, lakini kadi hii ingetuepusha na miwani miwili kati ya ile mitatu.

Jaribio la tatu linahitaji karatasi ya daftari la hesabu yenye miraba. Weka nukta nyeusi katikati. Mzee avae miwani ya kusomea, aishike karatasi kwa umbali wa kusoma, afunike jicho moja na kuikazia macho nukta. Mistari ikipinda, ikikatika, au pakiwa na doa katikati, kitovu cha retina kina shida, na anatakiwa kuonwa ndani ya siku chache. Ni jaribio lililobuniwa na daktari wa macho wa Uswisi, Marc Amsler, na hadi leo madaktari huwapa wagonjwa karatasi ya namna hiyo waende nayo nyumbani.

Mwenye simu janja anaweza pia kupakua programu ya bure ya Shirika la Afya Duniani iitwayo WHOeyes, iliyotolewa 2023, ambayo hupima kuona mbali na karibu. Ni ya kuchuja tu, haichungulii ndani ya jicho.

Andika majibu kwenye karatasi. Ongeza dawa zote anazotumia, kama ana kisukari, presha ya damu au pumu, na kama yupo mzazi, kaka au dada yake aliyepofuka au mwenye presha ya macho. Karatasi hiyo moja itafupisha sana maelezo yenu kwa daktari.

Hatua ya 2: Jua yasiyosubiri

Kuna mambo ambayo hayana cha bei nafuu wala cha kupanga miadi, ni kwenda leo:

- Kuona kumepotea ghafla, jicho moja au yote mawili, hata kama kumerudi baada ya dakika chache.
- Vimulimuli kama radi, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea kwa ghafla, au kivuli kama pazia linaloshuka upande mmoja. Huenda retina inabanduka.
- Jicho jekundu lenye maumivu makali, kichwa kinauma, anatapika, anaona duara za rangi kuzunguka taa. Hii ni presha ya macho iliyopanda ghafla, na kwa sababu ya kutapika watu hukimbilia kutibu tumbo.
- Mtu wa miaka zaidi ya 50 mwenye maumivu mapya ya kichwa upande wa panja, taya zinamchoka anapotafuna, na kuona kunafifia. Mishipa imevimba, jicho la pili linaweza kufuata upesi.
- Vipele vya mkanda wa jeshi kwenye paji la uso au puani.
- Kemikali imeingia jichoni. Hapa usianze safari. Anza kuosha kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, kope zikiwa wazi, ndipo muende.

Hatua ya 3: Tafuta uchunguzi kamili kwa bei unayoiweza

Kwanza ujue unatafuta nani. Fundi wa miwani hutengeneza miwani. Mtaalamu wa optometria hupima uwezo wa kuona, huandika miwani na hutambua magonjwa mengi. Daktari bingwa wa macho hutibu na kupasua. Kwa mzee ambaye hajawahi kuchunguzwa, yeyote kati ya hawa wawili wa mwisho anafaa kuanza naye, mradi uchunguzi uwe kamili. Na kamili maana yake ni hii: kila jicho lipimwe peke yake, presha ya jicho ipimwe, na mboni ipanuliwe kwa dawa ili sehemu ya nyuma ionekane. Aliyekupima bila kuangalia nyuma ya jicho amepima miwani tu. Dawa ya kupanua mboni humfanya mtu aone ukungu kwa saa kadhaa na mwanga wa jua umchome, kwa hiyo asiende peke yake na asiendeshe gari.

Mahali pa kuulizia, nikianza na panaposahaulika: vyuo vinavyofundisha optometria au udaktari wa macho. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupima chini ya msimamizi, hutumia muda mrefu kuliko kliniki yenye foleni, na ada huwa ndogo. Kisha vitengo vya macho vya hospitali za umma, hospitali za mashirika ya dini na za hisani, ambazo nyingi zina utaratibu wa kumpunguzia asiye na uwezo lakini hazitangazi. Lazima uulize dirishani, mwulizeni afisa ustawi wa jamii. Vilabu vya Lions, ambavyo ni vya watu wanaojitolea kusaidia jamii, vimebeba suala la macho tangu 1925, Helen Keller, mwandishi wa Marekani aliyekuwa kipofu na kiziwi, alipowaomba wawe watetezi wa wasioona, na katika nchi nyingi hugharimia kambi za macho na upasuaji. Kama mzee ana bima, soma vizuri: mara nyingi bima isiyolipia miwani hulipia upasuaji wa mtoto wa jicho, kwa kuwa hiyo ni tiba.

Kambi za macho za bure ni jambo jema na zimewafungua macho watu wengi mno. Uliza swali moja tu kabla mzee hajalala mezani: nani atamwona kesho yake, na nani atamwona wiki ijayo? Kama hakuna jibu, nenda upimwe pale, lakini upasuaji tafuta kwingine.

Baada ya miaka 65 mzee achunguzwe kila mwaka au miwili hata kama halalamiki. Mwenye kisukari ni kila mwaka, bila kuruka.

Hatua ya 4: Fuata jina la ugonjwa

Ukishapata jina, hela inajua pa kwenda.

Mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho imepata ukungu. Hakuna matone, vidonge wala miti shamba inayousafisha. Anayekuuzia matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho anakuibia muda na fedha. Dawa yake ni upasuaji: lenzi iliyochafuka inatolewa, inawekwa ya bandia. Mgonjwa yuko macho, jicho limepigwa ganzi, kazi huchukua nusu saa au pungufu, na kwa kawaida analala kwake usiku huohuo. Lile neno la "subiri liive kwanza" ni la zamani, la enzi ya upasuaji mwingine. Siku hizi wakati wa kupasua ni pale ukungu unapomzuia mzee kufanya mambo yake. Ukingoja hadi jicho liwe jeupe kabisa, kazi ya daktari inakuwa ngumu zaidi.

Kuhusu bei, elewa unacholipia. Zipo njia mbili kuu. Moja hutumia mashine inayovunja lenzi kwa mawimbi ya sauti. Nyingine hufanywa kwa mkono kupitia tundu dogo lisilohitaji mshono. Ya mkono ni nafuu zaidi, na mikononi mwa mpasuaji mzoefu matokeo yake yanakaribiana sana na ya mashine. Usione aibu kuichagua. Lenzi nazo zilikuwa ghali mno zamani. Dkt. Govindappa Venkataswamy alianzisha hospitali ya macho ya Aravind mjini Madurai, India, mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11, akiwa tayari amestaafu utumishi wa serikali. Mwaka 1992 kikaanzishwa kiwanda chake, Aurolab, kilichotengeneza lenzi kwa sehemu ndogo tu ya bei ya zile zilizotoka nchi tajiri. Tangu hapo lenzi ya kawaida, inayolenga umbali mmoja, imekuwa kitu kinachowezekana kwa watu wengi. Ukishauriwa lenzi ya bei kubwa inayoonyesha mbali na karibu kwa pamoja, jua kwamba ni ya hiari. Lenzi ya kawaida pamoja na miwani ya kusomea inamfikisha mzee mahali pazuri.

Kabla hujalipa, uliza kama bei hiyo ina vipimo, lenzi, matone ya baada ya upasuaji, na safari za kurudi kuangaliwa. Mara nyingi bei iliyotajwa ndogo inakua hapo. Miwani mipya usinunue mara moja. Subiri wiki nne hadi sita jicho litulie, maana namba hubadilika. Na kama miezi au miaka baadaye ukungu ukirudi, usiseme mtoto wa jicho ameota tena. Ni utando ulio nyuma ya lenzi mpya, na leza huufungua kwa dakika chache. Lakini maumivu, wekundu unaoongezeka au kuona kunakopungua siku za mwanzo baada ya upasuaji ni dharura ya siku hiyohiyo.

Presha ya macho, au glakoma. Huyu ndiye ninayemwogopa kuliko wote, kwa kuwa hana maumivu na huanza kula pembeni, katikati pakibaki safi. Mzee anasoma vizuri lakini anajigonga milangoni. Si presha ya damu. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu nzuri kabisa na glakoma ikawa inamla. Kilichopotea hakirudi. Matone hulinda kilichobaki, na hutumika maisha yote, ndiyo maana gharama yake ipangwe kama kodi ya nyumba. Mwombe daktari aandike jina halisi la dawa badala ya jina la kampuni, ili duka la dawa likupe ile nafuu yenye kazi ileile. Timolol ni ya miaka mingi na bei yake ni ndogo, ila haifai kwa mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole, kwa hiyo usiazime chupa ya jirani. Uliza pia kuhusu leza: kwa baadhi ya aina za glakoma, kikao kifupi kimoja huweza kuchukua nafasi ya matone kwa miaka kadhaa, na ukipiga hesabu inatoka rahisi. Na waambie wanawe na nduguze wa damu wakapimwe. Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo.

Dawa nyingi ya glakoma huishia shavuni, kwa hiyo nieleze namna ya kuitia. Nawa mikono. Mzee alale chali au aegemeze kichwa nyuma. Vuta kope ya chini iwe kama mfuko. Egemeza mkono wenye chupa juu ya paji la uso, hasa kama unatetemeka. Tone moja. Jicho halina nafasi ya la pili, linamwagika tu. Afumbe taratibu bila kubana, na kidole kibonyeze kona ya ndani ya jicho, pale penye mfupa wa pua, dakika moja hadi mbili, ili dawa isitelemke puani na kuingia kwenye damu. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika tano. Mzee anayeishi peke yake na hajui kama tone limeingia, chupa ikae kwenye friji ikiwa maelekezo yake yanaruhusu: tone la baridi hujitangaza.

Kisukari. Kinaharibu mishipa midogo ya retina kimyakimya. Sukari na presha ya damu zikidhibitiwa, hiyo ndiyo tiba ya macho iliyo nafuu kuliko zote. Ikishafika kwenye leza au sindano ya jichoni, uliza kama bevacizumab inapatikana. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa kawaida ni nafuu sana kuliko wenzake wanaofanya kazi hiyo. Sindano hizohizo hutumika pia kitovu cha retina kinapochakaa kwa uzee, kwa ile aina inayovujisha majimaji. Anayevuta sigara aache.

Neno moja juu ya matone ya dukani. Baadhi ya yanayotuliza jicho haraka yana steroidi ndani, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe. Jicho linapoa, kila mtu anafurahi, na baada ya miezi ya matumizi yasiyosimamiwa presha ya jicho inapanda na mtoto wa jicho anaanza. Soma karatasi ya ndani. Ukiona deksamethasoni au prednisoloni, isitumike bila daktari kuandika.

Hatua ya 5: Sasa miwani

Kama shida ni ya kusoma tu, na macho yote mawili yanaona mbali vizuri na kwa usawa, miwani ya kusomea iliyo tayari inatosha na haiharibu jicho. Mzee ajaribu akiwa ameshika maandishi sentimita 40 hivi kutoka usoni, aanze na namba ndogo kama +1.00 na kupanda. Achague ile ya chini kabisa inayomsomesha bila kukaza. Wengi waliopita miaka 60 huangukia karibu na +2.50.

Kama anahitaji ya kutengenezewa, omba namba zake kwa maandishi, pamoja na umbali kati ya mboni na mboni, ili uweze kulinganisha bei sehemu mbili tatu. Fremu yake ya zamani ikiwa nzima, badilisha lenzi tu. Miwani ya mtu mwingine iliyotolewa msaada haisaidii kama namba hazikupimwa zikaoana na macho yake.

Na hili lichukulie kwa uzito: lenzi za sehemu mbili, na zile zinazobadilika kutoka juu hadi chini, humfanya mzee anayetazama miguu yake aone ngazi kupitia sehemu ya kusomea. Ngazi inakuwa ukungu, anakosea kipimo, anaanguka. Mzee anayetembea sana nje au aliyewahi kuanguka ni bora awe na miwani miwili ya kawaida: wa mbali wa kutembelea, wa karibu wa kusomea.

Hatua ya 6: Kuona kulikobaki kufanye kazi

Ikiwa daktari amesema hakuna zaidi la kutibu, uliza kama kuna huduma ya uoni hafifu. Mengine yako mikononi mwako.

Anza na mwanga. Jicho la miaka 60 hupokea nyuma yake takriban theluthi moja ya mwanga unaopokelewa na jicho la miaka 20. Taa inayokutosha wewe ni jioni kwake. Weka taa ya meza itokee nyuma ya bega, upande wa jicho lenye nafuu, imulike karatasi na si uso. Kisha rangi: kikombe cheupe juu ya kitambaa cheusi kinaonekana, juu ya kitambaa cheupe hakipo. Utepe wa rangi kali kwenye ukingo wa kila ngazi, na kwenye swichi. Viti visihamehame.

Lenzi ya kukuzia ya mkononi wengi huishika karibu na karatasi na kusogeza kichwa mbali. Fanya kinyume: iweke karibu na jicho, kisha leta karatasi hadi iwe wazi. Maneno mengi zaidi yanaingia. Kabla hujanunua kifaa chochote cha umeme, fungua mipangilio ya simu: herufi kubwa, kikuzaji cha kamera, na kisoma skrini, TalkBack kwenye Android na VoiceOver kwenye iPhone. Vimo tayari, bila malipo.

Jambo la mwisho wazee wengi hulificha. Mtu aliyepoteza sehemu kubwa ya kuona anaweza kuanza kuona visivyokuwepo: maua ukutani, watu wadogo waliovaa nadhifu, wanyama wanaopita. Anajua si kweli, lakini hasemi, akihofia mtamwona amerukwa na akili. Charles Bonnet, mwanasayansi wa Uswisi, aliyaandika haya mwaka 1760 baada ya babu yake kuyapitia, na hali hiyo ina jina lake hadi leo. Ubongo uliozoea picha unajitengenezea zake pale macho yanapoacha kuleta. Mama wa rafiki yangu aliishi na watoto wa rangi ya buluu pembeni ya kitanda kwa mwaka mzima kabla ya kumwambia mtu. Mwulize mzee wako waziwazi, mkiwa wawili tu, kama anaona vitu vya namna hiyo. Akikubali, mweleze vinatoka wapi, na mwambieni daktari mtakaporudi.